Kombe Wenye Madini

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, tukiwa tumepanga chumba karibu na ufuo Kisumu, nesi alinivuta kope akaona damu ni kidogo. Mimba ilikuwa miezi sita.

"Wewe mama, wacha kutafuna odowa. Udongo si chakula. Kula vitu vyenye madini."

Mama mkwe alikuja kunitunza kutoka Katito. Chifu alipoita baraza, alienda yeye, miguu yangu ilikuwa imevimba. Alirudi ameloa hadi magotini, na ndoo ya kombe, wale wa maganda mawili wanaokaa kwenye tope. Sisi hatuli kombe, tunawapondea bata. Lakini aliwachemsha kwa nyanya, akasimama mlangoni mpaka nimalize bakuli.

Siku kadhaa nilikula. Halafu nikauliza, anawatoa wapi?

"Pale bomba ya kiwanda inamwaga. Kijana wa chuo amesema kwa baraza, matope na kombe ya hapo imejaa madini mazito. Mazito, nyathina, mwanangu! Si hii nyepesi ya nesi."

Bomba ya kiwanda? Niliacha bakuli. Sikuvaa hata viatu. Nilimkuta huyo kijana ufuoni, anatia tope kwenye chupa.

"Madini mazito ni nini?"

"Ni metali kama zebaki, mama, kwa viwango fulani..."

"Nimekuuliza, ni sumu?"

Alitazama chupa yake. "Ndiyo. Ni sumu."

"Sasa kwa nini hukusema sumu? Mama wote hapa kliniki wanaambiwa wale madini, halafu wewe unasimama kwa baraza unatutangazia mahali yamejaa! Mtoto wangu je?"

"Kwa kweli sijui, mama."

Nilirudi nikamwambia mama mkwe neno moja tu: sumu. Alichukua sufuria, akachimba shimo nyuma ya choo, akamwaga, akafukia. Aliwafukuza bata kwa mwiko, huku akilia kwa Kijaluo.

Binti yangu alizaliwa akipiga kelele, kila mtu akasema mzima. Sasa yuko nasari. Akisahau wimbo, akisema kichwa kinauma, mwalimu ananiambia ni mambo ya watoto, mama, usijali. Mimi naona ile sufuria. Bomba bado inamwaga, na nikikuta mama yeyote ameinama pale na ndoo, napiga kelele kutoka barabarani: "Sumu! Hiyo ni sumu!" Wengine hunicheka. Wacheke, bora wamwage.