Halbadiri ya Waya

Bi Warda wa Kinjumbi hakumwamini mtu. Akinunua samaki humfunua mashavu mbele ya mvuvi, akinunua maji dukani huitikisa chupa kwanza. Msimlaumu sana. Alikuwa mjane mwenye banda umiza moja, la kuonyeshea mpira, na ndilo lililomlisha. King'amuzi alikificha chumbani kwake kwa kufuli, picha ikasafiri kwa waya kuvuka ua mzima hadi kwenye TV ya bandani. King'amuzi kilale bandani, wezi wakione? Thubutu!

Sasa waya ule wa zamani ulikuwa umechoka. Picha inakatika, na mara zote inakatika goli likinukia. Wateja wakaanza kuhamia kwa Khamisi, ng'ambo ya barabara. Jumamosi watani wa jadi wanakutana. Picha ikikatika siku hiyo, banda ndiyo limekufa.

Jumatano akaja fundi Ignatius, Mmakonde wa Lindi, na waya mpya, mwembamba.

"Shikamoo mama. Huu una akili. Kichwa hiki ni cha king'amuzi, hiki cha TV; ukivigeuza picha haipiti. Ndani mna kidude kinachoilinda picha njiani isichoke. Na nyaya zinazokuja huko mbele zitasema zenyewe zinaumwa wapi."

"Marahaba. Waya useme?" Bi Warda akamkazia macho. "Mwisho utatoa na ushahidi!"

Picha ikatoka kali, unaona hadi jasho la kipa. Mwingine angeshukuru. Bi Warda wasiwasi ukamzidi: kitu kizuri hivi, lazima kitaibiwa. Fundi alipoondoka tu, akauchomoa waya, akavishonea vichwa vyote viwili matambara ya kanga ili uonekane mbovu, akaacha midomo tu nje, akaufungia sandukuni.

Alhamisi akauchomeka. TV nyeusi tii. Akachomoa, akapiga bismillahi, akachomeka tena. Wapi!

"Nilijua!" Akampigia fundi. "Umeniuzia kitu kinachokufa ukishapanda basi!"

"Mama, hukugeuza vichwa kweli?"

"Unanifanya mtoto? Mwizi mkubwa we!"

Akakata simu, akavaa buibui, moja kwa moja hadi kwa Mwalimu Hasani wa madrasa, akaomba mwizi wake asomewe halbadiri. Nanyi mnaijua: dua hiyo ikishasomwa humfuata mwizi hadi kwa wanawe. Mwalimu akamuuliza mara mbili, "Una hakika?" Akajibu ana hakika, naye akapanga kisomo Ijumaa baada ya alasiri.

Ijumaa ile, watu wakiwa wameshatoka kuswali alasiri, Ignatius akashuka basi. Matusi ya simu hakuyagusa. Akafumua matambara, akamwonyesha Bi Warda kialama cha TV kilichochorwa kwenye kichwa kimoja. Kichwa hicho ndicho kilichokuwa kwenye king'amuzi. Akageuza. Picha hiyo!

Kialama kile Bi Warda alikifunika kwa sindano yake mwenyewe. Akatoka mbio, kanga inamdondoka, ndala moja ikabaki njiani. Akamkuta Mwalimu na wasomaji wenzake wanafunga vitabu.

"Tumeshamaliza," Mwalimu akasema.

"Hakuiba! Mwalimu, hakuiba!"

Mwalimu akakiweka kitabu chini. "Basi kamwombe radhi kwa mdomo wako, na umwambie ni radhi ya nini. Sisi huku tutamwomba Mungu aiondoe dua hiyo."

Akarudi, akamweleza fundi yote, machozi yanamtoka kwa aibu na hofu. Ignatius alikuwa Mkristo, lakini hakucheka. Amekaa pwani miaka mingi, halbadiri anaijua. Aliuliza moja tu.

"Jina langu mlilitaja?"

"Tulilitaja, baba."

"Nimekusamehe, mama. Lakini mimi nina watoto wadogo."

Akachukua begi lake, akaondoka.

Jumamosi banda lilifurika, na picha haikukatika hata mara moja. Kwa Khamisi walibaki mbuzi. Bi Warda hakuona goli hata moja. Alikaa nje, mgongo kwenye ukuta, simu sikioni.

"Fundi, watoto wameshindaje?"

Na mpaka leo, kila asubuhi kabla hajafungua banda, hupiga simu Lindi kuuliza watoto wameamkaje. Simu isipopokelewa, hanywi chai.