Sekunde Arobaini na Saba za Mwalimu

Saa mbili na robo asubuhi, taa ndogo nyekundu inawaka kwenye meza namba nne. Mwanamke mwenye miwani anaweka kikombe cha chai chini bila kukitazama, anasogeza kipaza sauti cha hedifoni mdomoni.

"Polisi, dharura. Uko wapi?"

Upande wa pili mwanamume anahema kama aliyekimbia. Anaanza kusimulia: lori, pikipiki, mguu, damu.

"Uko wapi, kaka?"

"Dada, nakwambia mtu anakufa hapa!"

"Nakusikia. Unaona nini mbele yako?"

"Naona... kibanda cha fundi viatu. Na tangi jeusi la maji."

"Tangi liko juu ya nguzo au juu ya paa?"

"Paa!"

Vidole vyake vimeshaandika. "Nimekupata, kaka. Majeruhi usimsogeze, na kofia yake usimvue. Simama barabarani upunge shati." Wakati huohuo mkono wa kushoto umebonyeza redio, na sauti ileile, isiyopanda wala kushuka, inaliambia gari la doria namba tisa lipitie nyuma ya sokoni kwa sababu darajani pamebanana. Gari la wagonjwa nalo linaitwa.

Sekunde thelathini na moja. Anachukua kikombe. Chai bado inafuka.

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya pili ya jengo la polisi: meza sita, skrini mbili kila meza, ramani iliyofunika ukuta mzima, na dirisha moja ambalo pazia lake halifunguliwi. Ukipita nje utadhani ni stoo. Ndani yake, kila dakika, mtu asiyeonekana anavutwa kutoka kwenye shimo kwa uzi wa sauti.

Hapa wanamwita Mwalimu, na si kwa utani. Kwa miaka tisa alifundisha chekechea, watoto arobaini na wawili katika darasa moja lenye mikeka. Shule ilipofungwa, alikaa nyumbani miezi mitano huku mumewe, fundi wa mabomba, akibeba mzigo wote peke yake. Ndipo akaona tangazo la raia wanaotakiwa kupokea simu za dharura. Sifa ya kwanza iliyotajwa ilikuwa uvumilivu.

"Nikacheka peke yangu," anasema. "Nikasema, kama ni uvumilivu, hawa hawajaona watoto arobaini na wawili wanaotaka kwenda chooni kwa pamoja."

Mafunzo yalikuwa ya miezi mitatu, yakifuatiwa na miezi sita ya majaribio. Katika majaribio, mkufunzi anakaa pembeni na hedifoni ya pili, anasikiliza kila kitu, hasemi neno. Ukifeli tathmini mara mbili, unarudi ulikotoka. Mkufunzi wake alikuwa sajenti mwenye mvi, mtu wa maneno machache, ambaye chumba kizima humwita Sikio.

Mwalimu alifeli ya kwanza.

Ilikuwa saa tano asubuhi, mwezi wake wa pili mezani. Mwanamke alipiga akinong'ona. Nyuma yake kitu kizito kilikuwa kinagonga mlango. Na Mwalimu, aliyezoea kupiga magoti mbele ya mtoto anayelia, akafanya lile alilolifanya kwa miaka tisa.

"Nilimwambia, pole, mpenzi. Niambie, nini kimetokea?"

Mwanamke yule akamwambia. Mume amerudi, ana chuma mkononi, amekasirishwa na jambo la jana. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyepata wa kumsikiliza kwa mara ya kwanza. Mwalimu akampa pole tena. Kisha kukawa na mlio wa mbao kupasuka, na simu ikakatika.

Sekunde arobaini na saba. Alijua kisa chote. Hakujua mahali.

Walipiga namba ile mara kumi na moja. Ilikuwa imezimwa, na haikuwa na anwani ya kufuatia. Magari matatu yalikuwa tayari, injini zinanguruma, na hakuna aliyejua yaelekee wapi.

"Sajenti hakunifokea," anakumbuka. "Afadhali angenifokea. Alivua hedifoni akasema, 'Mwalimu, huruma yako ni nzuri. Lakini gari haliendeshwi kwa huruma, linaendeshwa kwa anwani.' Nikaenda chooni nikalia mpaka mhudumu wa usafi akagonga."

Wengine wangerudisha kitambulisho siku hiyohiyo. Yeye alinunua daftari.

Katika mji ambao nusu ya mitaa haina vibao, watu hawaishi kwenye namba. Wanaishi karibu na kitu. Basi kila siku ya mapumziko Mwalimu alivaa raba akaenda kwa miguu, mtaa baada ya mtaa, akiwauliza wauza mboga na mafundi baiskeli: hapa mnapaitaje? Akaandika. Geti lililogongwa na lori. Ukuta wenye picha ya simba asiye na mkia. Saluni iliyohama lakini jina limebaki. Kwa miezi minne alijaza madaftari matatu. Raba zilitoboka, akaweka karatasi ngumu ndani akaendelea. Yaliyomo yalipoanza kuingizwa kwenye kompyuta za meza zote sita, Sikio alisema neno moja tu: "Haya."

Nyumbani mambo yakawa mengine. Swali lilikuwa limeshaingia kwenye damu. Mumewe akipiga kuuliza kama anunue mkate, anaulizwa yuko wapi. Mtoto akiita kutoka chumba cha pili, anaulizwa yuko wapi. Lakini aliyekasirika kwelikweli ni mama mkwe.

"Mimi nampigia mkwe wangu nimjulie hali, yeye ananiuliza niko wapi!" anasimulia mama huyo, mfupi, mwenye sauti ya kupasua ukuta. "Nikamwambia mwanangu, mkeo ameajiriwa au amerogwa? Salamu zimeenda wapi?"

Akaapa kutompigia tena. Aliapa hivyo mara nne.

Tathmini ya pili ilipangwa zamu ya mchana. Sikio alivuta kiti, akavaa hedifoni yake, akafunua fomu. Kwa kawaida zamu nzima, yenye urefu wa saa nane, huleta simu kama mia moja na thelathini kwa kila meza, na arobaini kati ya hizo ni za watu wanaofanya mzaha: wanaomba nyimbo, wanatukana, wanacheka kisha wanakata. Aibu iwashukie! Kila anayecheka kwenye laini hii amekalia pumzi ya mtu mwingine. Siku hiyo Mwalimu alizipokea zote kwa sauti ileile.

Saa tisa na dakika sita taa ikawaka.

"Polisi, dharura. Uko wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha matofali, njia ya pili, geti la kijani lenye tundu chini," ilisema sauti ya kupasua ukuta, bila kupumua. "Si kwangu, ni nyumba ya mkono wa kulia. Mwanamume anavunja mlango kwa shoka. Mke na mtoto wamejifungia ndani."

Mwalimu aliitambua sauti papo hapo. Kanuni iko wazi: ukimjua mpigaji, unainua mkono, mwenzako anapokea. Akainua mkono. Sikio akatazama meza nyingine tano. Zote zilikuwa kwenye simu. Akamrudishia ishara ya kiganja: endelea.

Akaendelea. Gari namba nne liliondoka kabla sentensi inayofuata haijaisha.

"Mama, wewe uko salama?"

"Niko jikoni, namwona dirishani. Nimefunga."

"Usitoke, mama. Usikate simu. Huyo bwana yuko peke yake?"

"Peke yake. Amelewa. Na kutoka sitoki, nina akili zangu."

Dakika sita. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Hakuna aliyetaja ukwe. Mlango uligongwa, ukagongwa, na kati ya mapigo hayo sauti mbili za wanawake zilipeana habari kwa utulivu: shoka limekwama, amelichomoa, amekaa chini kidogo, amesimama tena. Sikio, mwenye miaka ishirini na mbili katika kazi hii, aliacha kuandika. Anasema alijikuta ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Kisha king'ora, mikimbio, amri ya polisi. Na mama mkwe: "Wamemshika. Mke anatoka. Mtoto naye anatoka. Haya, nakata, nina sufuria motoni."

Mwalimu akabonyeza, akapokea simu iliyofuata.

Wanaofanya kazi hii hawajui mwisho wa hadithi. Wanakabidhi mtu kwa gari, laini inakatika, anakuja mwingine. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, mwisho ulikuwa umekaa sebuleni kwake: mama mkwe, na pembeni yake jirani aliyekuwa amembeba mtoto aliyelala.

"Ulijua ni mimi, mama?"

"Uliposema tu 'Uko wapi?', nikajua. Nani mwingine hana adabu kiasi hicho?"

Wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Kwenye fomu ya tathmini, mahali pa maelezo ambapo wakufunzi hujaza nusu ukurasa, Sikio aliandika maneno mawili: *Apewe meza.*

Ni mwaka mmoja sasa tangu apewe meza namba nne. Mshahara umezidi ule wa chekechea kwa theluthi moja, na raba ni mpya. Mpango wake ni kurudi kwenye mikeka. Ameomba ruhusa azunguke shule za chekechea kila siku ya mapumziko, awafundishe watoto kusema wanapoishi: kwanza mahali, halafu kilio. Tayari shule mbili zimemkubali. Katika moja, watoto humpokea kwa kupiga kelele zote pamoja, "Niko karibu na tangi la maji!", hata wale wasioishi karibu na tangi lolote.

Ila daftari la kwanza halimtoki mkobani. Ukurasa wake wa mwanzo una tarehe, na chini yake namba 47. Mstari unaofuata umeachwa wazi, kwa ajili ya anwani.

"Bado yuko mahali fulani," anasema, na kidole kinapita juu ya mstari ule mtupu. "Sauti yake naijua hata akinong'ona. Akipiga tena, nataka anikute mimi."

Taa nyekundu inawaka. Anafunga daftari, anavuta kipaza sauti.