Habari za Bara

Kaka yangu alikula wali wangu huku mama yetu amelazwa sebuleni Mikindani, amefunikwa shuka. Naanza na hilo, msije mkaniambia nina roho mbaya kabla hamjanisikiliza.

Mimi nina boti ya injini niliyoachiwa na baba. Napeleka maji ya kunywa na vitu vya duka kwenye kisiwa kimoja cha hifadhi, huku kwetu kusini, Mtwara. Kaka ana boti yake, lakini aliyokuwa anaitaka ni hii ya baba, na kuachiwa mimi, tena mwanamke, hakukumeza mpaka leo. Kisiwani huruhusiwi kutia nanga unapotaka, unaharibu matumbawe, na jua likizama hakuna kuondoka mpaka kuche. Jioni ikikukuta, unalala gatini. Gati lenyewe linatosha boti moja tu. Wa kwanza anafunga hapo, wa pili anafunga ubavuni kwake, na akitaka kushuka anapiga hodi, kama nyumbani kwa mtu, kisha anapita juu ya boti ya mwenzake.

Kisha kuna kawaida ya pale, maana simu hazishiki. Anayeingia, kabla kamba yake haijapokelewa, anaulizwa, "Habari za bara?" Kama kuna msiba, mgonjwa, au neno lolote linalomhusu mtu, analisema hapo hapo, kamba ingali mkononi. Akisema njema, basi ni njema, anafungwa na watu wanakula.

Jioni ile kaka alipofika kumchukua mama mkwe wake anayeishi kule, nilimuuliza.

"Njema tu, mdogo wangu," akasema.

Mama alikuwa amefariki tangu adhuhuri. Akapiga hodi, akapita, akakaa kwenye boti yangu, akala wali wa nazi na pweza, akaomba na ukoko. Ukoko, jamani! Asubuhi akaondoka na mkwewe, yule mama kajitanda khanga mpaka puani, hanitazami. Nami nikawapungia mkono. Niliporudi Mikindani kesho yake, turubai lilikuwa limeshakunjwa na mama yuko chini ya udongo. Mimi, binti yake wa pekee, sikumwosha mama yangu. Watu wananipa pole huku wananitazama vibaya, kwa sababu kaka alikuwa amewaambia, "Nilimtafuta kisiwani, sikumpata."

Nilimvaa mbele ya mkewe. Unajua alinijibu nini? "Yameshapita, mdogo wangu. Tumshukuru Mungu." Yamepita kwako, mwanaharamu we! Mimi yalinikaa hapa kooni. Nikikuna nazi nayakumbuka, nikikwangua sufuria nayakumbuka. Sikumsusa, la hasha. Salamu nilimpa, sikukuu nilikwenda kwake. Nilikuwa nasubiri tu, na sikujua nasubiri nini.

Basi mwaka huu akawa anamwoza binti yake wa kwanza. Ndoa Ijumaa, baada ya alasiri, na kaka amesema hamwachii sheikh wala nani, atamwozesha mwenyewe kwa mdomo wake. Alikuwa akijifunza yale maneno ya kuozesha popote alipo, mpaka sokoni kwenye samaki watu wakawa wanamtania. Alhamisi asubuhi akaenda kisiwani kumleta mkwewe, warudi kesho yake. Mchana wake, nikiwa napakia madumu, baba mdogo akanipigia. Upande wa bwana harusi wana safari ya Masasi, ndoa imewahishwa, itafungwa saa nne asubuhi. "Si unakwenda huko? Mwambie mwenzio asichelewe."

"Nitamwambia," nikasema, na wallahi wakati ule nilikusudia kumwambia.

Nilipokaribia gati, kaka alikuwa amesimama kwenye boti yake, kifua wazi, anajisomea maneno yake. Akaniona, akanyoosha mkono kupokea kamba.

"Habari za bara?"

Nikautazama ule mkono. Ni mkono ule ule uliokwangua sufuria yangu.

"Njema tu, kaka."

Akaipokea kamba, akaifunga vizuri. Nikapiga hodi, nikapita. Alikuwa amepika, nikakaa nikala, nikashiba, nikaomba na ukoko. Akacheka, akanipa. Raha niliyoisikia siwezi kuwaeleza.

Kulipokucha alinifungulia kamba mwenyewe. "Unakimbilia wapi? Ndoa alasiri."

"Nina mapishi," nikasema, nikawasha injini.

Saa nne ikafika. Binti akauliza babake yuko wapi, na baba mdogo akanigeukia mbele ya watu wote. Nikasema, "Nilimtafuta kisiwani, sikumpata." Wakasubiri weee, upande wa bwana harusi wakaanza kutazama saa. Kaka, kama watu wote wa boti, alikuwa amemwachia baba mdogo uwakala wa kuozesha badala yake endapo injini ingemgomea. Basi baba mdogo akaozesha. Binti alilia mpaka wanja ukamshuka shavuni. Hilo liliniuma, siwafichi, lakini halikunifungua mdomo.

Kaka alitokea adhuhuri imepita, kanzu nyeupe imepigwa pasi, mkwewe nyuma yake. Akakuta masufuria yanaoshwa. Akamtazama mkewe, akatazama mlango wa chumba cha binti, halafu akaniona mimi. Hakuhitaji kuelezwa.

"Ulilala ubavuni kwangu," akasema polepole. "Umekula chakula changu."

Nilikuwa nimemwekea sahani. Nikamletea, pilau lenyewe limeshapoa, na ukoko nimemkwangulia kwa mkono wangu.

"Kaa ule, kaka," nikamwambia. "Yameshapita."