Vumbi Mlangoni

Mwalimu Honorata alikuwa na magoti mabovu, shamba la michikichi huko Kidahwe, na kiinua mgongo ambacho hakikuguswa tangu alipostaafu. Vitu hivyo vitatu vilimtaka anunue gari. Cha nne kilimkataza, nacho kilikuwa midomo ya watu wa Kigoma.

Marehemu mumewe, Pastory, alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la misaada miaka ile Warundi walipoanza tena kuvuka mpaka kwa maelfu. Ndoo, sabuni, maturubai, mablanketi, vyote vilipita mikononi mwake, na kila kimoja alikiandika kwa ule mwandiko wake uliosimama wima kama askari wa gwaride. Halafu mablanketi yakaonekana yanauzwa sokoni Mwanga. Waliyauza wakimbizi wenyewe, watu waliohitaji chumvi na dawa kuliko joto, na kila mwenye akili alilijua hilo. Lakini mji ulitaka mwizi, na mwenye funguo alikuwa Pastory. Wakaguzi walikuja, wakahesabu siku nne, wakakuta hakuna kilichopungua, wakamwandikia barua ya kumsafisha. Barua hiyo ilikuwa kabatini kwa Honorata, ndani ya Biblia. Haikusomwa sokoni. Kabla mwaka haujaisha Pastory akaanguka kwa shinikizo la damu, akazikwa Kidahwe kwenye shamba la baba yake, na familia ikabaki na jina jipya: Akina Blanketi.

Mwanamke aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari kwa miaka kumi na mmoja, aliyewafundisha kuandika barua rasmi nusu ya makarani wa mji ule, akawa Mama Blanketi. Hakuna aliyemwambia usoni. Alilisikia jina hilo nyuma ya mgongo, kwenye foleni ya dagaa, na kila mara alihisi shingo inakuwa ya moto.

Basi suala la gari halikuwa jambo la gari tu. Akinunua jipya la kutoka dukani Dar es Salaam, watasema mablanketi yameota magurudumu. Akinunua mkweche, watasema fedha ya wizi haikai. Alikaa mezani akachana ukurasa wa daftari na kuandika sifa kama anavyoandika maandalio ya somo: lisiwe kubwa la kifahari, lisiwe dogo la kulala chini, liwe limeinuka kiasi cha kupanda njia ya shambani wakati wa masika, lisinywe mafuta sana, liwe limetumika lakini halijachoka. Sifa ya mwisho aliipigia mistari mitatu: *Historia yake ijulikane.*

Ukurasa huo akampa shemeji yake Selestini, mdogo wa Pastory, ambaye aliwahi kuwa utingo wa malori ya Kasulu na tangu hapo akajihesabu fundi, dereva na dalali kwa pamoja.

Wiki moja baadaye Selestini alifika nyumbani kwa Honorata, Buzebazeba, anapiga honi tangu kona ya kanisani. Gari lilikuwa jeupe, safi, linang'aa mpaka majirani wakatoka. Lilikuwa la kimo kile kile alichokiandika Honorata, limeinuka, mabega yake ya mviringo, na nyuma pana nafasi ya madumu sita ya mawese.

"Shikamoo shemeji. Panda uone, kama kitanda!"

"Marahaba. La nani?"

"La daktari mmoja wa Tabora. Mzee wa watu, alikuwa analitembeza kwenda hospitali na kanisani tu."

"Kadi yake iko wapi?"

"Iko kwa Hamdani, pale Ujiji. Ndiye anayemuuzia. Shemeji, kadi si unapewa ukilipa? Hamdani kasema mwalimu achukue gari siku nzima, alijaribu anavyotaka, kwako hana wasiwasi."

Hapo ndipo Honorata alipokosea, na kosa hilo alilirudia moyoni kwa muda mrefu kwa hasira kubwa kuliko aliyokuwa nayo kwa makosa ya wengine wote. Mwalimu mzima, aliyekuwa anarudisha barua ya mwanafunzi kwa sababu haina tarehe, alipanda gari lisilo na karatasi kwa sababu kiti chake kilikuwa laini na magoti yalikuwa yanauma.

"Twende Kidahwe," alisema. "Lazima kaka yako alione kwanza."

Ndivyo walivyofanya katika familia ile. Baiskeli ya kwanza ya baba mkwe ilipelekwa kaburini kwa babu, cherehani ya wifi ikapelekwa, hata redio. Kitu kipya hakiingii nyumbani kabla wakubwa waliolala hawajaonyeshwa.

Kwenye lami gari lilikwenda kimya. Selestini aliimba. Walipoacha lami na kushika njia ya shambani, kiangazi kilikuwa kimeikausha ile ardhi nyekundu ikawa unga, na gari lilipanda bila kuhema, likiacha wingu nyuma yake. Honorata alianza kutabasamu. Aliona jinsi atakavyokuja kila Jumamosi bila kumwomba mtu lifti. Kwenye kaburi la Pastory alisimama na fimbo yake, akang'oa majani mawili matatu, akasema, "Baba, nimepata gari. Halitawapa watu la kusema." Akageuka.

Gari lilikuwa limemgeuzia ubavu. Vumbi lilikuwa limelifunika lote sawasawa, isipokuwa mlangoni. Pale mlangoni vumbi lilinata zaidi, kwa mistari na mikunjo, jekundu tupu juu ya weupe. Lilikuwa limeandika herufi nne kubwa, na chini yake alama ambayo mtoto yeyote wa Kigoma anaijua. Gundi ya karatasi za nembo zilizobanduliwa haikuwa imetoka. Jicho halikuweza kuiona gari likiwa safi. Vumbi liliiona.

Lilikuwa jina la shirika la Pastory.

Mara mwanamke akatokea kwenye michikichi na tita la kuni kichwani. Alikuwa Astérie, jirani wa shamba, binti wa Warundi walioingia tangu mwaka sabini na mbili, ambaye miaka ile ya mablanketi alipata kibarua cha kupika uji kwenye kituo cha mapokezi. Alitua kuni chini, akapiga makofi kwa furaha.

"Mana yanje! Mungu wangu! Gari ya posho! Mama, ni ile ile! Kwenye mlango huu tulipakua unga mpaka mikono ikaota malengelenge. Kumbe Mzee Pastory alikuachia?"

Hakuwa na ubaya wowote moyoni, na hilo ndilo lililochoma zaidi. Wanaume watatu waliokuwa wanakamua mawese ng'ambo ya njia waliacha kazi wakatazama mlango. Mmoja akamnong'oneza mwenzake. Mwenzake akacheka.

Selestini alikuwa tayari ameinama na leso, anafuta. Kila alipofuta, vumbi liliingia zaidi kwenye gundi na herufi zikakolea.

"Acha," alisema Honorata.

"Nikipata maji kidogo tu, shemeji..."

"Nimesema acha. Mzee Pastory hakuniachia gari la mtu, Astérie. Aliniachia nguo zake na deni la misa. Ingia garini, Selestini."

Walifika njia panda, mahali vijana wanapoosha magari. Selestini akapunguza mwendo.

"Usisimame."

"Shemeji, dakika kumi tu waoshe..."

"Ulijua?"

Akajikuna shingo. "Nilijua. Lilitoka mnadani, kihalali kabisa. Bei yake ni nzuri, na mimi Hamdani alinitengea cha juu kidogo. Nilijua nikikwambia utakataa."

"Kwa hiyo ukamzua daktari wa Tabora."

"Shemeji, unakasirikia nini hasa? Watu walishasema, wakachoka. Wakisema tena kitaongezeka nini?" Kisha, kwa sauti ya mtu anayefariji, akasema, "Halafu hata kama kaka alichukua mawili matatu, nani hakuchukua miaka ile? Mimi sijawahi kumlaumu."

Honorata alimgeukia polepole. Miaka yote alikuwa amesimama mlangoni akiuzuia mji usiingie, na kumbe mji ulikuwa umekaa sebuleni, unakula ugali wake.

"Aliyekulipia shule ya udereva ni nani?"

"Kaka."

"Kwa mshahara gani?"

Selestini akabadilisha gia.

"Aliyeuza baiskeli yake ulipolazwa ni nani? Mwenye mablanketi ya kuuza anauza baiskeli, Selestini? Mimi nilidhani tunapigana na watu wa sokoni. Kumbe tangu siku ya matanga ulikuwa unakaa mbele, umevaa suti aliyokununulia, na moyoni unasema mwizi amekufa."

"Sikusema mwizi..."

"Endesha. Hakuna kuosha. Tutapita hivi hivi, mchana huu, mpaka Ujiji."

Akashusha kioo chote. Wakapita Mwanga saa ya soko kujaa, wakapita Buzebazeba mbele ya nyumba yake mwenyewe, na herufi nne zikawa zinasomeka kutoka kila kibaraza. Kwenye kijiwe cha bodaboda mtu alipaza sauti, "Mama Blanketi kaletewa gari na shirika!" Vicheko vikawasindikiza. Selestini alizama kwenye usukani kama anayetafuta kitu miguuni. Honorata alikaa wima, fimbo katikati ya magoti, anatazama mbele. Aliyetaka kuona aone gari linavyorudishwa.

Hamdani alikuwa kwenye ua wake wa magari, na wazee wanne wanacheza drafti kwenye kibaraza, kahawa pembeni. Alikuja haraka, kofia mkononi. Honorata alimfundisha kidato cha pili, kabla hajaacha shule kufuata biashara.

"Shikamoo mwalimu. Limekubali?"

"Marahaba. Soma mlango."

"Ah, hilo vumbi tu, mwalimu, tutal..."

"Soma, Hamdani."

Akasoma. Herufi moja moja, kwa sauti, mikono nyuma. Wacheza drafti wakainua vichwa.

"Mimi sikuficha," Hamdani alisema alipomaliza. "Selestini nilimwonyesha kadi na karatasi za mnada. Yeye ndiye aliyeniambia nisikwambie."

"Yake nimeshayasikia. Wewe ulijua ni gari la nani, na unajua mimi ni mke wa nani. Ulidhani nitalivaa kama taji?"

Hamdani alitazama viatu vyake.

"Mwalimu, nikueleze jambo. Mwaka ule wa mablanketi mimi nilikwenda ghalani na pikapu. Nilimtajia mzee bei, nzuri sana, kwa mafungu mia mbili. Hakupiga kelele. Aliniuliza, baba yako anaitwa nani? Nikamtajia. Akasema, nenda kamwambie baba yako kwamba umekuja kuninunua. Ukimaliza kumwambia, rudi, tuongee." Akaikunja kofia yake. "Sikurudi."

Kete ya drafti ilibaki hewani mkononi mwa mzee mmoja.

Honorata alitegemea hasira ipungue. Haikupungua, ilibadilika mahali tu.

"Na walipoanza kutuita Akina Blanketi, ulikuwepo sokoni?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Nilicheka, mwalimu. Ningesema, wangeniuliza nimejuaje."

"Mume wangu amekufa na jina la wizi ili wewe usiulizwe swali." Akanyoosha fimbo kuelekea kibarazani. "Rudia. Wale hawakusikia vizuri."

"Mwalimu, biashara yangu..."

"Rudia."

Akarudia, kuanzia pikapu mpaka mwisho, mbele ya wazee, mafundi wawili na muuza kahawa. Sauti ilimkatika kwenye jina la baba yake, kwa kuwa baba yake alikuwa mmoja wa wale wanne kwenye drafti. Mzee yule aliitua kete, akasimama, akaingia ndani bila kumtazama mwanawe.

Honorata aliweka funguo juu ya boneti. Aliondoka kwa miguu mpaka barabarani, magoti yakimuuma, na Selestini akimfuata nyuma na mkoba wake kama amebeba yai.

Usiku ule aliutoa ule ukurasa wa daftari. Aliusoma sifa kwa sifa, akaona kwamba ameuandika kama mke wa mwizi anayetafuta mahali pa kujificha. Akafuta neno *limetumika*. Asubuhi alipiga simu Dar es Salaam, kwenye duka la magari, akasema anataka lile la kati, lililoinuka, jipya, ambalo halijakaliwa na mtu, na stakabadhi iandikwe jina lake kamili na kazi yake. Walipomuuliza rangi aliwajibu: yoyote isipokuwa nyeupe.

Mchana Selestini alikuja kuomba msamaha. Aliongea kupitia wavu wa mlango, kwani Honorata hakuufungua.

"Nitakwenda mimi kulichukua Dar, shemeji. Nitaliendesha kama yai."

"Ulichoniambia garini, kamwambie kaka yako. Unajua alipolala. Nenda kwa miguu. Ukimaliza kumwambia, rudi, tuongee."

Hakuonekana jioni ile, wala kesho yake. Siku ya tatu, jua likiwa limeshapinda, Honorata alisikia hodi. Alichungulia wavuni. Selestini alikuwa amesimama ngazini, midomo imekauka, na suruali yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi kuanzia viatuni mpaka magotini.

Akamfungulia. Chai hakumpa.