Kiondo cha Nyanya Hakirudi Kitupu

Juzi nilishuka Dallas, mtaa wetu pale Embu mjini, na nusura niipite nyumba yetu! Ghorofa kila upande, lami hadi getini, supamaketi, vijana wanafanyia kazi za mtandao sebuleni. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi. Kwani sikusema? Mji huu niliusifu zamani, tena mbele ya mtu mgumu kushawishika.

Mtu huyo ni nyanya. Aliishi Kiritiri, kwenye jua na mbuzi wake, na mama alitamani sana ahamie kwetu. Likizo moja akakubali kuja kujaribu, kiondo kimejaa ndengu na asali. Basi sisi watoto tukaingia kazini! Tulimfungulia mfereji wa maji ndani ya nyumba, tukamwashia taa mchana kweupe, tukamzungusha sokoni kwenye ndizi za mlimani, mitumba na mafundi wa kila kitu. Chapati ya hotelini aliinusa kwanza, kisha akaimaliza.

"Hapa ni pazuri," alisema. "Lakini mbuzi zangu zitachungwa na nani?"

Niliogopa. Nilitaka abaki kuliko kitu chochote. Ndipo nikakumbuka: kwetu, kiondo kilicholeta zawadi hakirudi kitupu. Kisipojazwa, nyanya ataondokaje? Mama akitia sukari, natoa. Akitia majani ya chai, natoa. Nyanya aliniona, akaongeza siku.

Sikuwahesabu majirani. Muuza mboga wa mlango wa pili alisikia mgeni anaenda, akaleta maparachichi. Mke wa mwalimu akaleta mkate, mwingine unga, na kiondo kikafurika mbele ya macho yangu. Nililia kwa sauti.

"Wacha kulia," nyanya alicheka. "Mataa niliona. Sasa hata watu nimeona." Akabeba kiondo chake, akarudi kwa mbuzi wake.

Majirani wale wamehama wote. Wa siku hizi wako ghorofani, tunasalimiana kwa simu. Lakini kiondo kiko, kimening'inia sebuleni kwa mama. Mara ya mwisho nyanya alikuja nacho akienda hospitali kuu, akarudi Kiritiri ndani ya jeneza, kiondo kikabaki.

Juzi nilikuwa nimebeba maparachichi, nikanyoosha mkono nikitie mawili. Mama akanishika.

"Wacha hivyo tu," alisema.

Nikayaweka mezani. Kikiwa kitupu, nyanya bado hajaondoka.