Mlango wa Jagi

Ninaishi juu ya baa ya zamani, Kilburn, huku ughaibuni. Mlango wangu uko ubavuni mwa jengo, mwembamba hivi kwamba mtu mnene anapita kiubavu. Kigari cha mapacha wangu hakipiti. Kila nikirudi nambeba mmoja hadi juu, mwenzake anabaki peke yake barabarani akilia, mimi nashuka ngazi mbio, roho mkononi. Kila siku ya Mungu.

Nikaomba mlango upanuliwe. Manispaa ikamleta bwana wa majengo ya kale. Kigari hakukitazama. Alitazama vigae vya kijani, akapapasa fremu kama anachagua ng'ombe wa mahari. Akanieleza kwa furaha kwamba zamani wanawake hawakutakiwa kuonekana mle ndani ya baa, wenye watoto ndiyo kabisa, basi wakatengenezewa mlango huu na kidirisha. Unafika na jagi lako, unajaziwa bia, unaondoka.

"Upana wake ni wa mtu mmoja na jagi," akasema. "Imebaki michache sana."

"Mimi sina jagi. Nina watoto wawili."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Barua ikaja: hapana. Mlango usiguswe, kwa kuwa ipo njia nyingine, pana, kupitia "saloon". Nikaisoma mara nne. Saluni? Nikakisukuma kigari hadi kwa dada Mkenya anayesuka nywele jirani.

"Dada, eti kwako kuna njia ya kufika kwangu?"

"Kwangu? Labda upitie ndani ya draya!" Mteja wake akacheka mpaka kichwa kikamponyoka msusi mikononi. "Mama mapacha, saloon ni kile chumba cha baa, cha mabwana wakubwa wa zamani. Si unaiona ile milango miwili yenye vioo vya maua? Hiyo."

Kumbe! Mabwana wenye vitambi walijengewa milango ya kupita na farasi wao wakitaka. Mama mwenye mtoto akapewa ufa, na ufa wenyewe leo unalindwa na sheria.

Sikurudi nyumbani. Nikaenda moja kwa moja baa. Mwenye baa alikuwa anapiga deki.

"Tumefunga, mpenzi," akasema. Huku hata muuza samaki anakuita mpenzi. "Na saloon ni ya wateja."

Nikampa barua. Akaisoma akiegemea mopu, masikio yakiwa mekundu.

"Hawakuniuliza."

"Hata mimi hawakuniuliza."

Nikaingiza kigari, mapacha wote wawili kwa pamoja, juu ya sakafu yake mbichi. Magurudumu yakachora mistari hadi mwisho wa kaunta. Pale kuna mlango wa kutokea kwenye ngazi zangu. Umezibwa na makreti ya chupa.

"Unayaondoa wewe au niyaondoe mimi?"

Nikashika la juu.