Mtaro wa Rodion kwenye Ukuta wa Gulbanu

Gulbanu Safarovna aliporudi kutoka kliniki ya macho Alhamisi ile, alikuta ukuta wa nyumba yake uko uchi. Udongo ulikuwa umechimbwa kandokando yake kutoka kona hadi kona, mtaro wa kumfika mtu mzima kifuani, na ndani ya mtaro amesimama Rodion wa ghorofa ya juu, amejaa matope hadi masikioni, anacheka peke yake.

"Shangazi Galya, njoo uone. Dirisha. Dirisha chini ya ardhi. Sasa nani atabisha kwamba hapakuwa na gharika ya matope?"

Gulbanu aliinama, jicho moja bado limefunikwa bandeji. "Naliona. Mama yangu alikuwa akianika soksi hapo."

"Unasema hivyo kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa."

"Sikufundishwa. Zilikuwa soksi zangu."

Mtaa wa Watatari pale Tomsk, Siberia, uko bondeni, na mto ulikuwa na tabia ya kuingia majumbani bila hodi. Kila ulipoondoka, watu walimwaga barabarani majivu, vumbi la mbao na samadi ya farasi, barabara ikapanda, vyumba vya chini vikazama. Baba yake Gulbanu alichoka, akaziba dirisha kwa matofali, akahamishia vitanda juu. Lakini Rodion, aliyekuwa fundi magari na sasa anarusha video mtandaoni, alikuwa na habari nyingine. Palikuwa na dola kubwa, alisema, Tartaria, iliyoshika nusu ya dunia. Ikafunikwa na matope, kisha wafalme wakachoma vitabu vyake na kuifuta kwenye ramani. Jumamosi wafuasi wake wangekuja kutoka miji mitatu kushuhudia.

"Na watu wake?" Gulbanu aliuliza.

"Walifutwa pia. Watatari wote wa zamani."

"Basi mimi hapa ni nani, mvuke wa birika? Fukia shimo langu, Rodion. Baridi inakuja."

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mvua ilikwishaanza. Maji yakituama mtaroni na kuganda, barafu ingeusukuma ukuta hadi upasuke, na mzee mwenye pensheni hajengi ukuta mara ya pili. Maofisa wa mipango miji walikuwa wakitafuta kisingizio tu cha kubomoa nyumba kuukuu. Alimpigia simu askari wa mtaa. Askari akasema nyumba ni ya wote wawili, wapatane.

Kupatana Gulbanu hakukujua vizuri. Alifanya kazi ya ukondakta wa tramu maisha yake yote, na msimamizi wa kwanza alimwandikia beji ya "Galina", jina la Kirusi, Galya kwa kifupi, ili jina lake lisiwasumbue abiria. Aliivaa kifuani, lakini abiria mzee wa Kitatari akipanda, alimsalimu kwa lugha yao kwa sauti ya kufika kwa dereva. Mara moja mwanamume mmoja alimwambia aongee lugha ya binadamu. Gulbanu alisimamisha tramu katikati ya daraja, akasema haitaondoka mpaka huyo bwana ashuke. Alishuka, katika theluji. Mumewe Fazil, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameoa breki.

Ijumaa, baada ya swala, alisimama mlangoni mwa msikiti na kuita msaragambo, ule wanaouita ome: anayeitwa huja na kifaa chake, hufanya kazi, hulishwa. Kukataa ni aibu inayofuata hadi wajukuu. Usiku alikanda unga, na asubuhi chungu kizima cha sambusa za oveni, zenye nyama na viazi, kilikuwa tayari.

Jumamosi wafuasi walifika na kamera zao. Nyuma yao wakaingia majirani na mabeleshi: Habir mcheza kodiani, dada wawili wa kina Yunusov, imamu mwenyewe kwenye viatu vya mpira. Rodion alipoelewa, akaruka ndani ya mtaro na kuketi mbele ya dirisha.

"Mnazika historia yenu wenyewe," alisema. "Shuleni walituficha kila kitu, na nyinyi mnawasaidia."

"Walituficha, hapo umesema kweli," alijibu Gulbanu. "Mama yangu alichapwa rula mdomoni kwa kuongea Kitatari darasani. Msikiti ule pale waliugeuza kiwanda cha vodka. Baba yako alijaza chupa humo, Rodion, na wewe ulikuwa ukimpelekea chakula. Uliingia msikitini kila siku hukuona kilichofutwa. Sasa unakitafuta chini ya soksi zangu."

Mwanamke mmoja wa kamera alicheka, kisha akaona haya.

"Sitoki," alisema Rodion.

"Usitoke." Gulbanu akachota udongo, akaumwaga juu ya viatu vyake. Wengine wakafuata, kwa adabu, wakimkwepa kichwa.

"Gulbanu-apa, dada mkubwa, tumzike akielekea kibla?" aliuliza Habir.

"Huyo? Mwelekeze kwenye kamera."

Udongo ulipomfika magotini, Rodion alinyoosha mkono. Imamu akamvuta. Kiatu kimoja kilibaki chini na hakuna aliyejitolea kukifuata. Alipanda kwake na soksi moja, akafungua dirisha, akaanza kurekodi kutoka juu, akisimulia kwa sauti nzito jinsi Watatari wenyewe walivyofunika ushahidi.

Mwanamke wa kamera aliuliza kama anaweza kupata beleshi. Alipewa.

Saa ya chai mtaro ulikuwa umejaa, lakini udongo mlegevu hunywa maji, lazima ushindiliwe. Gulbanu alimtazama Habir tu. Kodiani ikaanza, wanawake wakashikana mikono na kupanga mstari kando ya ukuta, wakakanyaga huku wakicheza, visigino kwanza, kwenda na kurudi, mpaka ardhi ikaacha kubonyea.

"Shuka, Rodion," Gulbanu aliita bila kusimama, jasho likimtiririka chini ya bandeji. "Una uzito mzuri, tunauhitaji hapa kwenye kona."